Boksi la Muleba Lilivyokonda

Wiki iliyopita kijana mmoja aliye kwenye kazi kama yangu ya zamani alipita kunisalimu hapa kwangu Rwamishenye. Tukaongea, tukacheka, kisha akafungua kompyuta yake, akabonyeza kitu, akaegemea kiti na kukunja mikono. Nikamuuliza, mbona umeacha kazi? Akanijibu bila aibu, "Ma Justa, imeji inajijenga. Ikishaanza hivi huwa tunakwenda kunywa chai, tukirudi tunaikuta."

Chai! Nikamuuliza mnajenga imeji au mnajenga kanisa la usharika? Yeye akacheka, mimi sikucheka. Nilivuta ile kompyuta, nikavaa miwani, nikahamisha mistari michache juu na chini, na chai ilipotoka jikoni ile kazi yake ilikuwa inakwisha kwa muda wa kupiga chafya mbili. Kijana akasimama wima. "Ma, umefanyaje?" Nikamwambia kaa chini, hili lina hadithi, na hadithi yenyewe ina boti inayotaka kuondoka.

Baadaye nikaona, kwa nini nimwambie peke yake? Na ninyi wengine mnaoanza kazi hii, sogeeni. Nimestaafu, magoti yanalalamika, lakini jambo hili likitajwa damu inanichemka mpaka nasahau magoti.

Kwa wasionijua: mimi ni mzaliwa wa Kashai, mtoto wa nyumba ya Kilutheri, alto kwenye kwaya mpaka leo, na maisha yangu ya kazi nimeyamaliza nikipeleka programu za kompyuta kwenye zahanati na vituo vya afya vya Bukoba na Muleba. Wengine huandika programu. Kazi yangu mimi ilikuwa kuhakikisha imefika na imeamka huko ilikopelekwa. Watu hudhani kufika ni jambo dogo. Thubutu!

Zamani programu ilikuwa inasafiri kwenye sidii. Naifunga kwenye kitambaa, napanda basi, nafika kituoni, nakuta mashine yao haina hiki wala kile ambacho programu yangu inakitegemea, narudi Bukoba kukifuata. Nimewahi kufanya safari ya Muleba kwa sababu ya kifaili kidogo ambacho leo mngekituma kwa WhatsApp mkiwa mnatafuna. Ndiyo maana makontena ya programu yalipokuja nilifurahi kama mtoto wa Krismasi. Unachukua programu yako pamoja na kila inachokihitaji, unavifunga kwenye boksi moja, hilo boksi tunaliita imeji. Ukilifungua kwenye mashine yoyote, programu inaamka ile ile uliyoiacha ofisini. Basi! Hakuna tena "kwangu ilifanya kazi". Nilicheza ofisini, na wenzangu ni mashahidi.

Tatizo lilikuwa sisi wenyewe, na malezi yetu.

Hapa kwetu mtu haondoki mikono mitupu. Nikienda Maruku kumsalimu shangazi yangu, nikisema tu "haya, naondoka", yeye ndiyo kwanza anaingia shambani. Mkungu wa ndizi. Parachichi. Kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani. Kuku, miguu imefungwa, ananitazama. Hiyo tunaiita entanda, mzigo wa njiani, na ukiukataa umemtukana aliyekupa. Ukimuuliza, shangazi, kuku wa nini na mjini kuna kuku? Anakujibu, "Utajuaje, waitu, pengine huko utakwama."

Basi watu waliolelewa hivyo ndio walioketi kufunga boksi la Muleba. Mmoja aliweka programu ya kuhariri maandishi, isije fundi akafika kule akakosa pa kuandikia. Mwingine akaweka zana za kupima mtandao. Mwingine kompaila nzima, yaani ile zana ya kugeuza tulichoandika kiwe kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha, ingawa kazi hiyo ilikuwa imeshafanyika hapa hapa ofisini. Mimi niliongeza mwongozo wenye picha za rangi. Kila mmoja alikuwa na neno lile lile la shangazi: utajuaje, pengine huko utakwama. Mtu wa Dar angetuma programu tupu akalala usingizi. Sisi tulituma na kuku.

Boksi likanenepa mpaka likapita gigabaiti mbili. Tulikuwa tunaliona, tunajisifu. "Lina kila kitu!" Na ilipobidi kulipeleka kwenye kituo kimoja kilicho kule chini mwaloni, upande wa ziwa, tulikuwa tunalituma asubuhi, linafika siku nyingine likiwa hoi, nasi tunasema mtandao wa huko mbaya. Kila mara mtandao. Hatukuwahi kusema mzigo.

Sasa nifike kwenye ile siku.

Kilikuwa kituo hicho hicho cha mwaloni. Msimamizi wake alikuwa nesi anaitwa Adelina, mwanamke mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti hata mara moja. Asubuhi hiyo akanipigia, na sauti ilikuwa ya juu.

"Ma Justa, hii mashine yenu inanifanyia nini? Kila nikifungua majibu ya maabara inajifunga."

Toleo jipya lilikuwa limefika kwake jana yake. Mujuni, aliyeandika sehemu hiyo, akakaa, akatafuta, na haikuchukua muda akapiga meza. Mstari mmoja! Mstari mmoja tu ulikuwa umekosewa. Akausahihisha pale pale, tukapumua. Nikamwambia Adelina, mwanangu, tulia, dawa imepatikana, tunakutumia.

Akasema, "Nitumie haraka, Ma, nina mama hapa."

Akanieleza kwa sauti ya chini, naona alikuwa ametoka nje. Mama huyo ametoka kisiwani na mtoto mchanga. Yeye mwenyewe anaishi na virusi vya ukimwi, alitumia dawa zake mimba nzima bila kuruka, na mtoto alichukuliwa damu ili ijulikane kama ameepuka kuambukizwa. Alishakuja kuyafuata majibu, akaambiwa hayajafika. Akaja tena, hayajafika. Leo yamefika, Adelina ameona ujumbe kwenye skrini kwamba yameingia saa tano na nusu asubuhi hiyo, ila akitaka kuyafungua mashine inajifunga. Kuipigia maabara simu hakusaidii, majibu ya mtoto hayatajwi kwenye simu, na ni haki kabisa. Boti ya kisiwani inaondoka saa nane.

"Amesema akirudi leo bila majibu haji tena," Adelina alisema. "Na simlaumu. Anasema kila akipanda boti anakufa kidogo."

Mawe, mama yangu! Nilikaa chini.

Mtaniuliza, kwa nini msirudishe toleo la zamani? Swali zuri, nami nililiuliza. Mashine ya kituo ilikuwa ndogo na boksi letu kubwa, hivyo ili jipya lipate nafasi ilibidi la zamani lifutwe kwanza. Mnaona unene unavyoadhibu? Kwenda kwa gari nako, mvua ilikuwa imeikalia Muleba tangu alfajiri, na mteremko ule wa kwenda mwaloni ukilowa, gari lingefika wakati boti imeshatia nanga kisiwani. Ilibaki kulituma hewani tu.

Tukaanza kujenga. Mstari mmoja umebadilika, lakini mashine yetu ikaanza upya kabisa: ipakue hiki, isimike kile, ipakue tena. Mujuni anatembea huku na huku, mimi natafuna kahawa kana kwamba nimelipwa kuitafuna. Lilipokamilika tukalituma. Likaenda, likaenda, likakatika njiani. Tukaanza tena. Likakatika tena.

Hapo hasira zilinipanda, na mimi hasira zikinipanda naanza kupanga vitu. Nikamwambia Mujuni, fungua hilo boksi tuone limebeba nini.

"Ma, sasa hivi? Huwezi kubadilisha boksi siku ya dharura. Tukikosea je?"

Hakuwa mjinga. Ni kanuni nzuri hiyo, siku ya moto usihamishe ukuta, na kwa kawaida mimi ndiye niliyekuwa nawafokea vijana kwa kanuni hiyo. Nikamjibu, "Mujuni, lililo salama lisilofika linamsaidia nani? Fungua."

Imeji huwa na matabaka, moja juu ya jingine, na kuna amri ya kuyaorodhesha na uzito wake. Tukaiendesha. Kompaila ile pale, imekaa kama bibi harusi. Zana za majaribio. Mwongozo wangu wa picha, naam, niliuona, nikaupita haraka. Halafu tabaka moja kubwa kuliko yote, limetokana na mstari mmoja wa maagizo yetu ya kujenga boksi, unaovuta kila kilichomo kwenye folda yetu ya kazi. Nikauliza, folda yetu ina nini cha uzito huu?

Mujuni akakohoa.

"Ni ile video, Ma."

"Video gani?"

"Ya send-off ya dada."

Jamani! Dada yake Mujuni alikuwa ameagwa pale Kashai kabla ya harusi, sherehe ya kufa mtu, nami nilikuwepo nikala. Mujuni aliiweka video kwenye folda ya kazi ili wenzake waione, na kwa sababu boksi letu lilivuta folda nzima, sherehe ile ikafungwa ndani. Vituo vya afya vya Muleba vyote vilikuwa vinambeba dada yake Mujuni, na keki, na MC!

"Lakini niliifuta!" akajitetea. "Tazama, mstari wa chini huu hapa, unaifuta."

Hili, vijana, lishikeni, maana mpaka leo nawaona wasomi wakubwa wakilikosea. Kilichoingia kwenye tabaka la chini hakitoki kwa kukifuta kwenye tabaka la juu. Ni sawa na kutumbukiza jiwe kwenye gunia la kahawa, kumwaga kahawa juu yake, kisha kubandika karatasi juu ya gunia: jiwe limetolewa. Ukilibeba utajua kama limetolewa! Kama kitu hukihitaji, kisiingie kabisa. Andika faili dogo la kusema hiki na hiki visivutwe. Na kama umepakua kitu cha kutumia mara moja, kisafishe kwenye hatua ile ile uliyokiletea, kabla tabaka halijafungwa.

Video ikatoka. Ikabaki kompaila, na hiyo ndiyo iliyotutesa, kwa sababu bila yenyewe programu haitengenezeki. Hapo nikakumbuka senene. Msimu wa senene hapa Bukoba, nani asiyejua? Mnakaa uani na ungo, mnang'oa mabawa, mnang'oa miguu, ua wote unajaa uchafu, kisha wanakaangwa. Ndugu yako wa Dar unamtumia nini? Kopo la senene waliokaangwa. Humtumii ungo, wala mabawa, wala sufuria! Tukaligawa boksi mara mbili. La kwanza likawa la uani: humo mna kompaila na fujo zake zote, programu inapikwa humo. La pili jipya, dogo, safi, na ndani yake tukahamishia programu iliyokwisha kuiva peke yake. La uani halisafiri. Linabaki ofisini.

Kwa hilo la pili tukachagua msingi, yaani tabaka la chini kabisa linalobeba mengine, mwembamba kuliko ule wa zamani, maana na misingi nayo ina unene wake. Mwingine unakuja na nyumba nzima ilhali wewe unataka godoro tu.

Kisha nikasema, sasa tupange. Na hapa lazima niwaambie kuhusu Hasu Bhai.

Nilianza kazi dukani kwake nikiwa msichana, duka la redio na pasi, na baadaye kompyuta. Alikuwa mmoja wa wale wenye maduka wa asili ya Kihindi ambao sasa mjini wamebaki wa kuhesabu, kazaliwa hapa hapa, Kihaya chake kilikuwa kinawatia aibu vijana wa Kihaya. Siku moja nilipanga shehena ya kwenda kwa wakala wetu Muleba nikaweka betri chini, pasi juu. Alinitazama mpaka nikaogopa. "Justa, mteja wa pasi anakuja lini?" Nikasema mara chache. "Na wa betri?" Kila siku. "Basi kila siku yule wakala atapakua pasi zote ili auze betri mbili. Atakulaani wewe, atanilaani na mimi. Kinachoguswa kila siku kikae juu. Kisichoguswa kikae chini, kilale."

Kumbe alikuwa ananifundisha imeji miaka mingi kabla hazijazaliwa! Mashine inapojenga boksi, hupita tabaka kwa tabaka kuanzia chini. Tabaka ambalo halijabadilika hailirudii, huchukua lile la jana. Lakini ikikuta lililobadilika, hilo na yote yaliyo juu yake yanajengwa upya. Sisi tulikuwa tumeweka msimbo wetu, yaani maandishi ya programu yanayobadilika kila siku, chini karibu na msingi, na vile vizito visivyobadilika juu yake. Betri chini, pasi juu. Kila herufi aliyoigusa Mujuni ilikuwa inapakua duka zima. Na hicho ndicho yule kijana na wenzake wanachokingojea wakinywa chai.

Tukageuza. Msingi chini. Juu yake vile tunavyovitegemea ambavyo hubadilika mara chache. Juu kabisa programu yetu. Mujuni akajenga, akageuka kunitazama. Lilikuwa limekuwa dogo mpaka akadhani limekosewa.

"Ma, limebaki hivi tu?"

"Tuma!"

Likaondoka. Nilikuwa nimesimama, sikumbuki nilisimama saa ngapi. Likafika. Narudia, likafika, kwa mara ya kwanza, bila kukatika, kwenye mtandao ule ule tuliokuwa tunautukana! Nikapiga kelele mpaka fundi viatu wa nje akachungulia.

Nikampigia Adelina. "Fungua, mwanangu."

"Imefunguka, Ma! Haijifungi!" Kisha akaanza kutafuta. "Ma, naona majibu ya jana na ya juzi. Ya leo hayapo."

"Hayapo vipi?"

"Hayapo. Na mbona saa ya mashine inasema ni asubuhi? Sisi tumeshakula mchana."

Nikajua pale pale. Msingi ule mwembamba ulikuwa mwembamba mno: haukuwa na taarifa za saa za Afrika Mashariki. Mashine ikawa inasoma saa za kwao Ulaya, nyuma yetu kwa saa tatu. Majibu yaliyoingia saa tano na nusu yetu, kwake yeye ni ya wakati ambao haujafika, na programu ilikuwa na kanuni ya kutoonyesha jibu lenye saa ya mbele. Majibu ya mtoto yalikuwamo ndani, hai, yakingoja saa ambayo ingefika boti ikiwa imeshaondoka.

Ndiyo maana nawaambia vijana wenye bidii kupita kiasi: kupunguza si kukomba. Mking'oa mabawa, sawa. Msing'oe na kichwa.

Mujuni hakunikumbusha kwamba alinionya. Mtoto ana adabu yule. Alisema tu, "Naongeza faili la saa, juu kabisa." Adelina alikuwa bado hewani na nyuma yake nilisikia injini ya boti ikijaribiwa, inawaka, inazima, inawaka. Nikasikia mwanamke akiuliza kwa Kihaya kama aende tu. Adelina akamjibu, "Subiri, nakuomba subiri, watu wa Bukoba wanakimbia."

Na sasa sikilizeni uzuri wa Hasu Bhai. Kwa kuwa tulikuwa tumepanga vizuri, Mujuni alipojenga upya, mashine haikurudia chochote cha chini. Tabaka moja jembamba juu, basi. Na tulipotuma, mashine ya Muleba ikasema, haya mengine ninayo, nipe hilo moja. Jambo lililokuwa likila siku nzima! Sikuwa nimemaliza kumeza mate, limefika.

"Funga, fungua tena," nikamwambia Adelina.

Nikamsikia akibonyeza. Nikamsikia akivuta pumzi. Kisha akasema, "Ma, nakukatia," na simu ikafa.

Tulikaa. Mujuni alikuwa ameshika kichwa. Mimi nilianza wimbo mmoja wa kwaya, sauti ya alto, nikashindwa kuendelea. Tulijua programu inafanya kazi, hilo halikuwa na shaka tena. Lakini mnajua, vijana, kuna siku programu kufanya kazi hakutoshi.

Alipiga baadaye. Akasema, "Boti imeondoka. Yumo ndani, na karatasi yake anayo." Hakusema karatasi imeandikwa nini, wala mimi sikuuliza. Ile siyo ya kuuliza. Kazi yetu ni kufikisha. Nikamwambia wakola, mwanangu, wakola muno, naye akacheka akasema mimi ndiye wa kushukuriwa, tukabaki tunashukuriana kama kawaida yetu mpaka salio likaisha.

Kuanzia siku hiyo ofisi yetu ilibadilika tabia. Tuliweka desturi: mtu akitaka kuongeza kitu kwenye boksi, asimame aseme mbele ya wenzake nani wa Muleba atakitumia na kwa kazi gani. Akijibu "utajuaje", tunamzomea. Tulicheka sana. Mwongozo wangu wa picha nilisimama nikautetea kwa hoja nzito, nikazomewa kwa haki, ukatoka. Zana za mafundi tukazifungia boksi lake la pembeni, linaloitwa siku likihitajika, likimaliza linaondoka. Vituo vyote vikapata maboksi membamba, na mashine zao ndogo zikapata nafasi ya kuweka toleo la jana kando ya la leo, ili siku tukiharibu tena, na tutaharibu, nesi arudi nyuma kwa kubonyeza mara moja bila kutupigia simu. Hilo ndilo lililonifurahisha kuliko yote.

Na bado kuna watu wananiambia, Ma Justa, siku hizi mtandao umekuwa mzuri, diski ni kubwa, unene si hoja. Mtandao mzuri wa nani? Njooni niwapeleke mwaloni mvua ikinyesha. Mkishafika ndipo mnieleze habari za diski.

Mwezi wangu wa mwisho kabla ya kustaafu, kondakta wa basi la Muleba alileta mzigo ofisini, umeandikwa jina langu kwa kalamu nene. Boksi kubwa, limefungwa kwa kamba ya mgomba kila upande. Mujuni, ambaye sasa alikuwa anachukua nafasi yangu, akalifungua mezani. Tabaka la kwanza majani ya mgomba. Chini yake sato waliobanikwa, wamepangwa kichwa kwa mkia. Majani tena. Dagaa. Majani. Halafu ndizi, pembeni ya ndizi kahawa ya kutafuna, na katikati ya yote hayo kuku mzima, miguu imefungwa, ananitazama.

Simu ikaita. Adelina.

"Umefika, Ma? Ni yule mama wa kisiwani. Amekuja kliniki leo akanibebesha, akasema uwape watu waliokimbia siku ile. Na ameniruhusu nikuambie. Anasema mwambie Ma wa Bukoba kwamba mtoto hana kitu. Hana kitu kabisa, tangu karatasi ile mpaka kipimo cha mwisho. Kuku huyo kamkamata mwenyewe, kamkimbiza uani kwa miguu yake."

Nililia, sitawaficha. Nililia mbele ya kuku.

Mujuni aliyekuwa amesikia yote akashika boksi kwa mikono miwili, akalinyanyua kidogo kulipima, likamshinda. Akanitazama kwa jicho lile la utani. "Ma, huu mzigo mbona mzito hivi? Tuupunguze?"

Nikampiga mkono. "Toa mkono hapo," nikamwambia. "Huu unaingia kwangu wote, na majani yake."